Tulishuka Tanga Kuonja Hewa

Mwenzangu akisimama njiani na kusema, "Ngoja kwanza nitazame maharage ya watu," ujue pumzi imemwishia. Hatazami maharage. Maharage ya Malindi anayajua tangu alipoletwa kuolewa kutoka Mgwashi, mimi nikiwa tayari mke wa nyumba ya jirani na mtoto mgongoni. Husimama mkono kiunoni, macho kwenye shamba la mtu, na kifua kinapiga mluzi kama birika lililosahauliwa motoni. Mimi nami husimama. Nayatazama hayo maharage, nasema yamestawi, hata kama wadudu wameyala yakabaki vijiti. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukipanda mlima miaka hii ya karibuni, yeye akijificha na mimi nikimsaidia kujificha.

Malindi ninayosema ni hii yetu ya milimani, Lushoto, si ile ya baharini. Huku mwezi wa saba ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi na kukaa mpaka saa sita. Kila kitu huku ni kupanda au kushuka. Maji yako chini, shamba liko juu, kanisa langu liko juu zaidi, msikiti wake uko bondeni. Na mzigo wa kuni ukiwa mzito wa kweli, hakuna mwanamke anayeweza kujitwika peke yake. Lazima mwenzako ashike upande wa pili, muinue pamoja, akutwishe. Na yeye nani atamtwisha? Wewe huyo huyo, na mzigo wako kichwani, shingo imesimama kama nguzo, unapiga goti moja na kumsaidia kwa mikono miwili bila kutazama chini. Si kila mtu anaweza kukufanyia hivyo. Ukimpata anayeweza, humwachi. Kwa Kishambaa tunamwita mbuya, yaani rafiki, lakini neno rafiki naliona jepesi. Mimi na huyu tumetwishana kuni, kabichi, mahindi, na mara moja jeneza dogo. Hilo silielezi.

Sasa kifua chake kilipoanza kuharibika, binti yake wa mwisho, aliye Tanga na kazi ya ofisini bandarini, alimletea jiko la gesi. Alisema moshi wa kuni ndio unaomuua mama yake. Mama akashukuru sana. Akaliweka jiko sebuleni, akalifunika kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, na juu yake akaweka picha ya bintiye na chupa ya maua ya plastiki. Akaendelea kupika jikoni kwa kuni. Nilimwambia, "Wewe, hilo ni jiko, si kabati." Akasema, "Jiko gani halina majivu?"

Mwaka huu baridi ilipopita ikamwacha kitandani wiki nzima, bintiye akapanda kuja kumchukua, akampeleka kwa daktari. Daktari akasema mapafu yamechoka, na kwamba ukungu na moshi vikikutana tena humo ndani, asitegemee kuuona mwezi wa nane wa mwakani. Alisema ahamie pwani, kwenye joto, akae kwa bintiye moja kwa moja. Mwenzangu akakataa. Bintiye akalia. Mwenzangu akakataa tena. Mwisho wakapatana hivi: ashuke kwa Jumamosi na Jumapili tu, atembee, aonje, na mimi niwe naye.

Jioni moja kabla hatujashuka alinijia nyumbani, akakaa kwenye kigoda changu, akangoja pumzi irudi.

"Sikiliza," akasema. "Hao wote wananionea huruma, na mtu anayekuonea huruma hasemi kweli. Wewe huna huruma. Utatazama. Ukiniambia kule panakalika, nitakaa. Ukiniambia turudi, nitarudi na wewe Jumapili, na asinipigie mtu kelele."

Nikasema sawa. Sikufichi, moyoni jibu lilikuwa limeshaiva. Nilikuwa nimeshasema turudi kabla sijaliona basi.

Basi Ijumaa tukashuka. Tangu Soni barabara inakwenda inajikunja mpaka Mombo, na masikio yanaziba halafu yanazibuka, na hewa ya moto inakupiga usoni kama umefunua sufuria. Tulikuwa tumevaa masweta mawili mawili kwa sababu ya alfajiri. Tulipofika Muheza tumeyavua yote na kuyabeba mapajani, watu wanatutazama kama wauza mitumba.

Nyumba ya bintiye iko upande wa Raskazone, karibu na bahari, mahali ambapo hata kuta za uzio zimepakwa rangi na maua yanamwagika nje kama yanataka kutoroka. Ndani ni vigae vitupu. Mwenzangu alivua viatu akatembea polepole, akivipima vigae kwa unyayo. Tukaonyeshwa jiko. Jeupe! Ukuta hauna alama hata ya kidole. Akasogea, akanusa, akanigeukia akanong'ona kwa Kishambaa kwamba hawa hawapiki, wanaigiza. Tulicheka kimya kimya kama wasichana kanisani. Lakini jioni ile wali wa nazi ulitoka kwenye jiko hilo hilo, na samaki, na mchicha, na tulikula tukanyamaza.

Tulilazwa kitanda kimoja, kikubwa kama uwanja. Nilijiandaa. Huyu nimeshalala naye misibani na kwenye harusi, nayajua mapito ya usingizi wake: anaanza kukohoa, anaamka, anaketi, anaegemea ukuta, ndipo kunapambazuka. Nikajifunga shuka masikioni. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na yeye alikuwa bado amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kama mwanamume. Nikakaa nikimtazama. Mara ya mwisho kumwona amelala chali sikumbuki. Nikajiambia ni uchovu wa safari tu.

Jumamosi tukaenda kuiona Tanga. Bintiye alitaka kutupeleka kwa gari, mwenzangu akasema mji hauonekani kwa gari, kwa gari unaona gari. Tukapatana tukutane naye mchana. Basi tukatembea wawili, polepole, kanga zimepigwa pasi, viatu vya kanisani na vya Idi miguuni.

Tanga ni mji msafi, lazima niseme. Una majumba ya zamani yenye baraza ndefu na madirisha marefu kuliko milango yetu, mengine rangi imebabuka lakini bado yamesimama kwa kiburi, kama mwanamke aliyekuwa mzuri. Una bustani inayoitazama bahari, na viti, na watu wamekaa tu. Wamekaa! Siku ya kazi za shamba, saa tatu asubuhi, mtu mzima na afya yake amekaa anatazama maji. Wanawake wanapita na mabuibui yenye mawe ya kumetameta, udi unawatangulia, baiskeli zinapita bila kelele. Hakuna anayekimbia. Mwenzangu alikuwa anaangalia kila kitu na kusema kila kitu. Yule viatu vyake, unaona? Ile nyumba paa lake. Hawa kunguru wao wanene. Nami namjibu, ndiyo, naona, nimeona, na ilinichukua muda mrefu, mpaka tumeiacha bustani nyuma kabisa, kugundua kinachonisumbua. Alikuwa anatembea na kuongea kwa wakati mmoja. Kwetu huwa anachagua moja.

Huko Ngamiani ndiko tulikopotea. Mitaa ya huko inaitwa kwa namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, na yote imenyooka, na yote inafanana, na yote ni bapa kama sinia. Sisi kwetu hatupotei. Mtu akikuelekeza anakuambia panda mpaka kwenye jiwe, shuka mpaka kwenye daraja. Hata ukungu ukikufunika, miguu yenyewe inakuambia uko wapi. Pale miguu ilikuwa bubu. Tukazunguka tukarudi kwa fundi baiskeli yule yule, mzee wa makamo, ameinamisha baiskeli kichwa chini anazungusha gurudumu.

Nikamsalimu, nikamuuliza, "Baba, kwenda baharini tunapanda au tunashuka?"

Akaacha gurudumu. Akatazama upande huu wa mtaa, akatazama upande ule.

"Mama yangu," akasema, "hapa hakuna kupanda wala kushuka. Mmetoka Lushoto, siyo?"

"Umejuaje?"

"Kila anayetoka Lushoto ananiuliza hivyo hivyo. Mmoja aliniuliza juu ya mji ni wapi. Nikamwonyesha mbingu."

Mwenzangu akaanza kucheka. Si ule mcheko wa adabu. Alicheka akainama, akashika magoti, akainuka akacheka tena, "Kamwonyesha mbingu!" machozi yanamtoka, fundi naye akacheka, muuza kachori wa pembeni akacheka bila kujua sababu.

Mimi sikucheka. Mimi mkono wangu ulikuwa umeshatoka, umeshakunjuka, uko nyuma ya mgongo wake unangoja. Kwa sababu kwetu kicheko cha namna ile lazima kilipiwe. Anacheka, halafu kinakuja kikohozi kile cha kumkunja kama nguo inayokamuliwa, midomo inakuwa na rangi ya majivu, na mimi namshika mgongo mpaka kipite. Miaka sasa watu wenye busara hawamchekeshi. Basi mkono ukangoja. Alimaliza kucheka. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akavuta hewa, ndefu, ikaingia yote ikatoka yote, haikupiga mluzi.

Akauona mkono wangu.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nafukuza nzi," nikasema.

Tukaonyeshwa njia, tukafika. Bintiye alikuwa anatungoja kwenye mkahawa mmoja wa kisasa unaoangalia bahari, una vioo na mito ya kukalia, na taa zimening'inizwa kwenye vikapu kama kuku wanaotaga. Vijana walikuwa wanapiga picha chakula chao, kinapoa, hawajali. Mwenzangu akaletewa kahawa yenye povu, na kwenye povu mtu amechora jani.

"Nani amechezea kikombe changu?" akauliza.

"Ni urembo, mama," bintiye akasema.

"Sasa nikinywa si naharibu?"

Akakizungusha kikombe akitafuta pa kuanzia, akanywa kwa kijiko kuanzia pembeni, jani likabaki mpaka mwisho. Nikamwambia kwamba mjukuu wangu wa kike aliye chuo cha mifugo angemwonyesha kazi ya kweli ya mkono, maana yule mtoto anaingiza mkono wote mpaka begani ndani ya ng'ombe, anamgeuza ndama, na hatetemeki. Sipotezi nafasi ya kumsema mjukuu wangu, na sioni aibu.

"Tumeshasikia," mwenzangu akasema. "Kila tukila lazima tusikie mkono huo."

Akaondoka kwenda kunawa. Hapo bintiye akasogeza kiti.

"Mama mkubwa," akasema, "mama hanisikilizi mimi. Kaka zangu hawasikilizi. Anakusikiliza wewe tu. Nakuomba, mama mkubwa. Nakuomba sana."

Ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kucha zimepakwa rangi, nzuri. Huyu nilimkata kitovu mimi, mkunga alichelewa. Nikaangalia bahari. Ilikuwa imetulia, haina habari na mtu. Nilitaka kumwuliza, mama yako akinisikiliza mimi, mimi nani atanisikiliza? Asubuhi nikitoka mlangoni nitampigia nani kelele ng'ambo ya kijito kwamba kumekucha? Lakini yule ni mtoto, hata akiwa na gari. Mtoto haulizwi mambo hayo. Nikamwambia, "Kunywa kahawa yako."

Jumapili nilikwenda kanisani, nyumba kubwa ya zamani yenye mabenchi mazito. Mwenzangu alinisindikiza, akaningoja nje kwenye kibaraza, kama ninavyomngoja mimi kwenye kibaraza cha msikiti anapokuwa na maulidi. Ndivyo tulivyozoea. Mahubiri yalikuwa mazuri, wanasema. Mimi sikusikia. Nilikuwa ninamuuliza Mungu kama lazima iwe mimi, na nilijua jibu lake hata kabla ya sadaka.

Nilipotoka, alisogea nikae. Watu walikuwa wanasalimiana, watoto wanakimbizana na viatu vyao vya kung'aa. Akangoja wapungue.

"Haya," akasema. "Umeona. Sema."

"Baki."

"Nini?"

"Baki huku. Kaa kwa mwanao."

Akanitazama. Macho yake ni makali, hayajazeeka na mwili.

"Umenichoka."

"Sijakuchoka."

"Unataka lile shamba langu la mtoni."

"Shamba lako lina mawe kuliko udongo, nalitakia nini?"

Hakucheka. Alikuwa anaifunga na kuifungua ncha ya kanga.

"Nilikuchukua wewe kwa sababu najua hupendi niondoke," akasema. "Nilisema huyu atakataa. Nilikuja nimetulia kabisa, najua nina mtu wa kukataa."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa umelala chali," nikasema. "Usiku mzima, na jana tena. Umetembea mji wote hukusimama kutazama maharage ya mtu. Umecheka. Mimi nikuambie uongo gani? Nikikuambia turudi, ni kwa ajili yangu, ili nisibaki peke yangu kule. Mwezi wa saba nitakuzika, halafu nibaki peke yangu vile vile."

Akaifungua ncha ya kanga, akaiacha. Bahari haikuonekana kutoka pale lakini harufu yake ilikuwapo.

"Nikifa huku," akasema taratibu, "sitapandishwa. Ninyi mnasafirisha maiti wenu, mnawaweka siku tatu mnaimba. Sisi tunazikwa tunapofia. Nitazikwa kwenye mchanga. Mume wangu yuko kule, kaburi lake liko chini ya migomba, mtoto wangu yuko kule. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Na?"

Yeye hakuja na mimi Tanga kutafuta faraja.

"Utazikwa kwenye mchanga," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kweli. Alilia kidogo, bila sauti, akitazama mbele. Sikumshika. Angenichapa. Kisha akapenga kamasi, akasimama, akakung'uta kanga yake nyuma.

"Twende," akasema. "Basi lako litakuacha."

Basi langu. Hapo ndipo nilipojua.

Nyumbani kwa bintiye nilikwenda moja kwa moja chumbani. Nikafungasha. Akasimama mlangoni mwa chumba, mikono kifuani, akaanza kunipa amri kwa sauti ya ugomvi, kana kwamba nimeshaziharibu. Kuku wale wawili weusi niwachukue, lakini yule wa madoa nisimchinje, anaatamia. Mbuzi apewe mkwe wake. Shamba la mtoni nilipande maharage, na kama naliona lina mawe, niyatoe. Kuni zilizo chini ya uchaga ni kavu, nizitumie, asije mtu akaziiba. Jiko la gesi, akasita, jiko la gesi apewe mjukuu wangu, yule wa mkono, akimaliza chuo, akaanzie maisha. "Na kitambaa kile usikitoe. Kifunike jiko lolote, kitambaa ni cha kwangu." Nikasema sawa. Kila neno nikasema sawa. Bintiye alikuwa amesimama nyuma yake ukumbini, kiganja mdomoni, hathubutu kusogea.

Hakuja stendi. Alinifikisha getini tu. Salamu za kuagana kwetu ni ndefu, unauliza na kuulizwa mpaka watu wa tatu na wa nne, na sisi tulizisema zote kwa Kishambaa, hatukuruka hata moja, tukarudia nyingine. Mlinzi alidhani tunagombana.

Mwisho akanishika bega, akabana.

"Watu wakikuuliza niko wapi," akasema, "usiwaambie naumwa. Nimekukataza. Usiwaambie habari ya daktari wala ya mapafu. Waambie nimehamia mjini."

Nilifika Malindi giza linaanza, ukungu umeshashuka mpaka kwenye paa za maduka. Pale wanapouzia karoti wanawake walikuwa bado wamekaa, wamejifunika masweta na vitenge mpaka kwenye pua. Wakanisalimu. Wakatazama nyuma yangu, wakaona hakuna mtu.

"Mwenzako yuko wapi?" mmoja akauliza.

"Amehamia mjini," nikasema.

"Mjini? Yule? Kafuata nini?"

"Kapapenda," nikasema. "Ana nyumba ya vigae. Anakunywa kahawa iliyochorwa jani."

Wakaguna, wakatazamana, mmoja akasema mwenye bahati huyo. Nikasema ndiyo, ana bahati. Nikaanza kupanda.